Flying Blue, Skywards, Privilege Club au ShebaMiles: Akaunti Ipi ya Maili Imfae Msafiri wa Afrika Mashariki?

Wasafiri wawili wameketi safu moja katika ndege ya Emirates itokayo Dar es Salaam kwenda Dubai. Wote wako daraja la kawaida, wote wamepewa chakula kilekile, na wote walimtajia karani wa kaunta namba zao za uanachama wa Skywards. Baada ya siku chache mmoja anafungua simu na kukuta maili, yaani alama za kununulia tiketi za baadaye, za kumtia moyo, na mwenzake anakuta chache kiasi cha kudhani kwamba mtambo umekosea. Mtambo haujakosea. Wa kwanza alinunua nauli ya Flex na wa pili alinunua nauli ya chini kabisa, inayoitwa Special, na kwa kanuni za Skywards maili hupimwa kwa njia aliyosafiri mtu, daraja alilokaa na aina ya nauli aliyolipia.

Wengi wetu hujiunga na mpango wa maili kwa bahati: karani anauliza kama una kadi, unasema huna, anakusajili. Miaka mitano baadaye mtu ana akaunti nne, kila moja na maili elfu tatu au nne zisizofika popote. Ulinganisho huu unahusu mipango minne, yaani Flying Blue ya Air France na KLM, Skywards ya Emirates, Privilege Club ya Qatar Airways na ShebaMiles ya Ethiopian Airlines, ambayo msafiri wa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Entebbe au Kigali hukutana nayo mara kwa mara, nami nitautazama zaidi kwa swali ambalo matangazo hayaliweki mbele, yaani maili zinaishi muda gani kabla hazijafutwa. Kwa mtu anayepanda ndege mara moja kwa mwaka au miaka miwili, naona swali hilo lina uzito kuliko mengine yote.

Namna maili zinavyoingia

American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, kilichohesabiwa kilikuwa umbali, na ndipo jina la maili lilipotoka. Siku hizi jina limebaki lakini kipimo kimebadilika. Flying Blue, ambao ni mpango wa Air France na KLM, uliacha kuhesabu umbali mwezi Aprili 2018 na kuanza kuhesabu fedha: mwanachama wa ngazi ya chini, Explorer, hupata maili 4 kwa kila euro moja, wa Silver hupata 6, wa Gold 7 na wa Platinum 8. Kodi za serikali na ada za viwanja haziingizwi katika hesabu hiyo. Kwa hiyo tiketi ya euro 700 ambayo ndani yake euro 550 ndizo za shirika lenyewe humpa Explorer maili 2,200, na humpa mwenye Gold maili 3,850 kwa kiti kilekile.

Mfumo huo unamfaa mtumishi anayetumwa kwa dharura na kulipiwa na mwajiri nauli ya dakika za mwisho, kwa sababu nauli ikiwa ghali maili nazo huongezeka. Mwanafunzi aliyevizia nauli ya ofa miezi sita kabla ya safari huambulia kidogo, na ni afadhali alijue hilo mapema ili asipange maisha yake juu ya maili ambazo hazitakuja. Upande wa Skywards, aina ya nauli ndiyo yenye nguvu. Nimewahi kuona tofauti ya dola 40 tu kati ya nauli mbili za tarehe moja, huku ya juu ikiwa na maili nyingi zaidi na ruhusa ya kubadilisha tarehe kwa masharti nafuu; hapo kuongeza fedha kulikuwa na maana. Tofauti ikifika dola 150, maili peke yake haziwezi kuitetea.

Kuna jambo ambalo mawakala wengi wa tiketi hawalitaji, pengine kwa sababu hakuna anayewauliza: si lazima safari iandikwe kwenye akaunti ya shirika ulilopanda. Mashirika yaliyo ndani ya muungano mmoja hupokea namba za uanachama za wenzao. Ethiopian Airlines imo katika Star Alliance tangu mwaka 2011, Kenya Airways imo katika SkyTeam tangu mwaka 2010, na Qatar Airways imo katika oneworld tangu mwaka 2013. Emirates haimo katika muungano wowote, ingawa ina washirika wake mmojammoja. Anayepanda Kenya Airways anaweza kutumia mpango wa shirika hilo, Asante Rewards, au akatoa namba ya Flying Blue. Safari ya shirika moja inapoandikwa kwenye mpango wa jingine, kwa kawaida hesabu hurudi kwenye umbali na herufi ya nauli, ile herufi moja iliyochapwa kwenye tiketi karibu na namba ya ndege. Herufi Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida. Herufi za nauli za ofa hutoa asilimia ndogo ya umbali, na nyingine hazitoi chochote. Kabla hujalipa, mwambie wakala akusomee herufi hiyo, kisha itafute katika jedwali la mpango unaoutumia. Ni kazi ya dakika mbili.

Muda wa kuishi kwa maili

Hapa ndipo mipango hii inapoachana kabisa. Maili za Skywards huishi takriban miaka mitatu, na hufutwa mwishoni mwa mwezi aliozaliwa mwanachama. Kuruka tena hakuziongezei umri zile za zamani; zinazoingia zina saa yake na zilizotangulia zina saa yake. ShebaMiles ya Ethiopian nayo hutoa miaka mitatu. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Guangzhou kila baada ya miezi miwili, miaka mitatu ni muda mrefu kupita kiasi. Kwa familia inayosafiri mara moja kila baada ya miaka miwili, muda huo huisha pale tu maili zinapokaribia kufikia kiwango cha tiketi moja.

Flying Blue wanakwenda kwa njia nyingine: maili za Explorer hubaki hai iwapo mwanachama amefanya angalau safari moja inayostahiki katika kila miezi 24, na safari hiyo huhuisha salio lote. Yaani safari moja fupi ya Dar es Salaam hadi Nairobi kwa Kenya Airways, ikiandikwa kwenye akaunti hiyo kwa herufi inayostahiki, inaweza kuokoa maili zilizokusanywa kwa miaka. Lakini miezi 24 ikipita bila safari, hasara nayo huwa ya salio lote.

Privilege Club ya Qatar Airways ndiyo yenye masharti mepesi zaidi kwa msafiri wa mara chache. Tangu mwaka 2022 mpango huo hutumia sarafu iitwayo Avios, ileile inayotumiwa na British Airways, na Avios hizo hudumu miezi 36 kuanzia mara ya mwisho akaunti ilipoguswa. Kuguswa si lazima kuwe kusafiri: kuingiza au kutumia Avios chache tu kunatosha kuanza kuhesabu upya. Tena, mwenye akaunti ya British Airways anaweza kuziunganisha akaunti hizo mbili na kuhamisha Avios moja kwa moja bila kupunguzwa, jambo lenye faida kwa wanafunzi na jamaa walioko Uingereza ambao safari moja hupitia London na nyingine hupitia Doha.

Shangazi yangu alikwenda Umra, na miezi michache baadaye akaenda kumuuguza bintiye Ughaibuni, akakusanya maili za safari mbili ndefu katika mpango ambao sitautaja. Aliziweka kama mtu anavyoweka fedha benki. Alipotaka kuzitumia, akaunti ilisoma sifuri, na barua pepe za onyo, tatu kwa hesabu yangu, zilikuwa zimetumwa kwenye anwani ya mjukuu aliyemsajili, ambaye alikuwa amekwisha kusahau nywila yake. Siwezi kusema shirika lilivunja sharti lolote. Lakini angechagua mpango unaohuishwa kwa tendo dogo, na anwani ikawa ya mtu anayefungua barua zake, maili zile zingekuwapo.

Kwa walioko Marekani hesabu ni tofauti na ni nzuri zaidi. Maili za MileagePlus ya United, mwanachama wa Star Alliance, hazina tarehe ya kufa tangu mwaka 2019, na SkyMiles za Delta, mwanachama wa SkyTeam, vilevile hazifi. Mtu anayerudi nyumbani kila baada ya miaka mitatu kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa anaweza kutoa namba ya United, na anayepanda Kenya Airways kati ya New York na Nairobi anaweza kutoa namba ya Delta. Kwa mtu wa namna hiyo sioni sababu ya kufungua ShebaMiles, isipokuwa kama anatafuta hadhi, yaani ngazi ya juu ya uanachama, ndani ya Ethiopian yenyewe.

Familia ni nani?

Maili za mtu mmoja mara nyingi hazitoshi, na kuziunganisha za nyumba nzima ndiyo njia ya haraka ya kufikia tiketi. Lakini kila mpango una maana yake ya neno familia. Flying Blue huruhusu kikundi cha watu wazima wawili na watoto hadi sita. Ni familia ya Amsterdam hiyo. Bibi, mjomba na shemeji wanaoishi nasi hawana nafasi. Skywards huruhusu kikundi cha hadi watu wanane, na wanaweza kuwamo wazazi na ndugu, kila mmoja akichangia asilimia ya maili zake katika kapu moja. Privilege Club nayo ina mpango wa familia wa kuchanga Avios. Kwa nyumba zetu za vizazi vitatu, Skywards na Privilege Club zinafaa zaidi, nami ningeliweka jambo hili la pili baada ya muda wa kuishi kwa maili.

Ila kuna faida moja ya Flying Blue ambayo wazazi wenye watoto wadogo wasiipuuze: mtoto wa umri wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa asilimia 25 ya maili katika tiketi za zawadi za Air France na KLM.

Kuzitumia bila kupunjwa

Tiketi ya maili haiwi ya bure. Msafiri hulipa kodi na ada za viwanja, na mashirika mengi, Emirates na Air France-KLM yakiwamo, huongeza tozo zao wenyewe juu yake. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, fanya hesabu hii. Chukua bei ya tiketi ileile kwa fedha taslimu, toa kiasi unachotakiwa kulipa pamoja na maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ni dola 900, na kwa maili wanataka 50,000 pamoja na dola 300. Umeokoa dola 600 kwa maili 50,000, yaani senti 1.2 ya dola kwa kila maili. Kwa daraja la kawaida hilo ni sawa. Sasa tuseme tiketi iko kwenye ofa ya dola 520 huku maili na tozo zikibaki vilevile: umeokoa dola 220 tu, yaani chini ya nusu senti kwa maili, na juu yake umekosa maili ambazo ungepata kwa kulipa fedha. Hapo lipa fedha, uzihifadhi maili kwa ajili ya Desemba, nauli za kurudi nyumbani zinapopanda.

Hesabu hiyohiyo huonyesha ubaya wa maduka ya maili. Sanduku la safari, vocha ya hoteli au vipokea sauti vinavyoonyeshwa kwenye tovuti za mipango hii kwa kawaida hukupa thamani ndogo kuliko kiti cha ndege, na vivyo hivyo kununua maili kwa fedha: ukizinunua kwa senti tatu na kuzitumia kwa senti moja, umelipa mara tatu. Kununua kuna maana pale tu unapopungukiwa maili elfu mbili tatu ili kukamilisha tiketi uliyokwisha kuiona kuwa ipo.

Katika matumizi Flying Blue inajitetea vizuri. Bei zake za maili hupanda na kushuka kulingana na nauli, jambo linaloudhi, lakini kila mwezi hutolewa Promo Rewards, ambazo ni punguzo kwa miji iliyochaguliwa. Isitoshe, tiketi ya maili huruhusu kusimama njiani bila kuongeza maili: mtu wa Kilimanjaro anayekwenda Toronto anaweza kukaa Amsterdam wiki moja kwa ndugu zake, kisha akaendelea. Skywards hujibu kwa mpango wa kuchanganya fedha na maili kuanzia maili 2,000, ambao ni msaada kwa mwenye salio dogo linalokaribia kufa. Thamani yake si kubwa, lakini ni bora kuliko sifuri. Maili za Skywards hutumika pia kupandia daraja la juu, na thamani yake mara nyingi ni nzuri, ila nauli ya chini kabisa ina masharti magumu au haikubaliwi kabisa, kwa hiyo wanaonunua Special kwa nia ya kupanda daraja baadaye hujikuta wamefungiwa mlango.

ShebaMiles inapata nguvu katika upana wa njia: Ethiopian ina miji mingi Afrika kuliko shirika lolote hapa, na anayefanya kazi kati ya Lubumbashi, Bujumbura na Lomé hana mbadala wa maana. Dream Miles ya RwandAir ni ndogo, lakini ushirikiano wake na Qatar Airways humpa mtu wa Kigali njia ya kukusanya Avios hata kwenye safari za RwandAir.

Hadhi, kwa wanaobeba mizigo

Maili za kununulia tiketi na maili za kupandisha ngazi ni vitu viwili, na kuzichanganya ni chanzo cha malalamiko mengi. Skywards hudai maili za ngazi 25,000 kwa Silver na 50,000 kwa Gold, na maili zilizonunuliwa au zilizotoka kwa washirika wasio mashirika ya ndege haziingii humo. Flying Blue hutumia alama za XP: 100 kwa Silver, kisha 180 kwa Gold na 300 kwa Platinum, na alama hizo hazitazami bei bali urefu wa kila kipande cha safari. Nairobi hadi Amsterdam daraja la kawaida ni XP 10, na Dar es Salaam hadi Nairobi ni XP 5. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam kupitia Nairobi na kurudi vilevile hupata XP 30, hivyo safari nne ndani ya mwaka humfikisha Silver. Aliyepanda moja kwa moja kwa KLM hupata 20 tu kwa safari hiyohiyo. Daraja la biashara huzidisha kwa tatu.

Kwa mfanyabiashara, begi la ziada ndilo lenye thamani kuliko kiti cha ngozi katika ukumbi wa mapumziko. Gold ya ShebaMiles humpa mtu hadhi ya Star Gold, ambayo huruhusu kilo 20 za ziada au begi moja la ziada katika mashirika ya muungano wa Star Alliance. Anayeleta nguo au vipuri anajua bei ya kilo 20 kaunta ya Guangzhou au Istanbul, na kwake ShebaMiles inaweza kuwa chaguo la kwanza hata kama asingetumia maili moja kununua tiketi.

Uamuzi wangu

Msafiri wa mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, mwenye nyumba ya watu wengi, namshauri Privilege Club, hasa akiwa Zanzibar, Kilimanjaro au Mombasa ambako ndege za Qatar Airways hufika. Oman Air ilipojiunga na oneworld mwaka 2025, jamaa zetu wa Muscat nao walipata njia ya kuingiza safari za shirika hilo kwenye akaunti za Avios. Mwenye ratiba ya Ulaya mara mbili au zaidi kwa mwaka achukue Flying Blue. Mfanyabiashara wa Dubai asiyepita kwingine abaki na Skywards na kuzitumia maili mapema, kila mwaka, kabla mwezi wake wa kuzaliwa haujafika. Wa Afrika ya kati na magharibi, na wa mizigo ya China, achukue ShebaMiles. Akaunti ya pili iwepo kwa dharura, na ya tatu isiwepo.

Vyovyote utakavyochagua, jina la akaunti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mimi nilijisajili kwa majina mawili katika mpango mmoja, pasipoti yangu ina matatu, na safari nzima ya kwenda na kurudi Guangzhou ilikataliwa kwa kuwa mifumo haikuamini kuwa ni mtu mmoja. Flying Blue na Skywards huruhusu kudai maili zilizokosekana ndani ya miezi 6. Mimi nilidai baada ya wiki tatu, nikaulizwa kadi ya kupandia ndege, na nilikwisha kuitupa kwenye pipa pale kwenye mikanda ya mizigo. Sasa ninayo bahasha ya kaki kwenye mkoba wa pasipoti. Kadi za kupandia ndege huingia humo, na hazitoki mpaka maili zimeonekana kwenye akaunti.